Vitambaa chini ya godoro

Mwaka 2003 nilikuwa darasa la saba, tunakaa Kibirizi Kigoma, na kazi ya mama ilikuwa kununua dagaa mitumbwi ikirudi ziwani alfajiri, anawaanika mchangani kwenye jua mpaka wanakauka ndo anauza. Nyumba nzima ilinuka dagaa na hilo hata sikuwahi kulionea aibu.

Mwanzoni mwa mwaka huo nikavunja ungo. Bibi akachana khanga kuukuu vipande vinne akanipa na masharti yake, fua usiku, asione mtu hasa mwanaume, maana mwenye roho mbaya akikiokota kitambaa chako anakufunga kizazi. Nilimuamini, bibi yako utaachaje kumuamini? Pedi dukani zilikuwepo ila hela ya pedi ndo hela ya unga. (Hata 2018 serikali ilipofuta VAT kwenye taulo za kike nilifurahi mno, mwaka uliofuata ikarudishwa kisa bei madukani hazikushuka. Iliniuma sana.)

Basi nikifua nachomeka chini ya godoro, chumba chenyewe kidogo na mvua zile za mwezi wa tatu, havikauki hata siku mbili, na zamu ikifika navaa hivyohivyo vibichi vina harufu. Kufika mwezi wa tano nawashwa mpaka silali, nikikojoa naungua. Nikajua tayari, kuna mtu kakiona kitambaa changu, mi sizai tena. Nilikuwa mtoto jamani, nalibeba hilo peke yangu.

Siku hiyo mwalimu akaniita ubaoni, nikajisikia nimeloa nikagoma kusimama, akaona kiburi, akanichapa fimbo ya mgongo ndo nikasimama. Wavulana wa nyuma wakaiona sketi. Zile kelele mpaka leo nazisikia. Niliyekaa naye deski moja akavua sweta lake akanifunga kiunoni bila kusema neno, nikatoka, sikurudi wiki mbili nzima. Moko, ule mtihani wa majaribio, ikafanyika nipo nyumbani. Kwenye daftari la mahudhurio nikaandikwa mtoro.

Mama alidhani malaria akanipeleka zahanati. Nesi mmoja mtu mzima akafunga mlango akaniuliza, "Mwanangu, vitambaa vyako unaanika wapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia chini ya godoro. Akamgeukia mama.

"Mama, dagaa wako unaanika wapi?"

"Juani."

"Kwa nini?"

"Si wataoza."

Mama akainamisha kichwa. Nesi akatuelewesha taratibu, kwamba damu yenyewe sio uchafu wala sio ugonjwa, ila kitambaa kisichokauka kinafuga wadudu, kifuliwe kwa sabuni na maji safi kikae jua kali, na nikibadilishe nisishinde nacho kutwa. Akanipa dawa.

Njia nzima mama kimya. Kesho yake asubuhi akainua godoro mwenyewe, akavichemsha vile vitambaa vyote akavitundika kwenye kamba mbele ya nyumba, pale juu ya dagaa wake, bibi ndani anapiga kelele tunaitia nyumba nuksi. Kaka yangu akapita akauliza hivi vitambaa vya nini.

Mama akamwambia, "Vya mdogo wako. Vikikauka muingizie ndani."