Mayai ya kuuza, mayai ya kula

Ukipita Ilula kwa barabara ya Iringa kwenda Morogoro, utakuta matenga ya nyanya yamepangwa pembeni na vitunguu vimejaa kwenye magunia. Mgeni akituona atasema hawa hawajui njaa. Na kweli njaa hatuijui. Ila utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta mkoa wa Iringa unaongoza nchi nzima kwa udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe bora: watoto asilimia 56.9 wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30.

Mimi namba hizo nilizisikia baadaye. Kwangu habari ilianzia kwenye ubao wa kupimia urefu.

Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Muuguzi alimlaza pale, akamnyoosha miguu huku analia, kisha akaangalia kadi. "Mama, uzito si mbaya, ila ni mfupi kwa umri wake. Anakula nini?" Nikamwambia uji. Nikaona nijitetee kidogo, nikasema kwa baba yake wote ni wafupi. Akacheka. "Na hawa wote niliowapima tangu asubuhi, baba zao wafupi?"

Uji wenyewe ulikuwa wa sembe, maji na sukari. Asubuhi anakunywa, sisi tunaenda shamba naye mgongoni, akilia anapewa uliobaki kwenye chupa. Huku uani nina kuku kumi na mmoja wa kienyeji. Kila trei ikitimia, kijana wa mgahawa wa barabarani anakuja kuichukua, na kwenye hela ile ile nawanunulia wanangu biskuti na juisi ya unga. Nilikuwa najiona mama mwenye upendo kweli kweli.

Nikaanza na yai. Mama mkwe naishi naye, na kwake mtoto anayezoea mayai anakuja kuwa mwizi. Sikubishana naye, ni mtu mzima na nyumba ni ya mwanawe. Nilikuwa navunja yai kwenye kikombe, nalipiga, namimina kwenye uji unaochemka huku nakoroga haraka lisigande mabonge, naacha lichemke mpaka liive. Ukitazama huoni kitu. Siku nyingine naponda maharage na viazi, au natwanga karanga. Baada ya miezi mitatu nikamwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, akamwangalia mjukuu anavyokimbiza vifaranga, akasema, "Basi na mimi nipikie."

Kwenye chai tulishindana zaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na maharage na mboga inazuia mwili usipate madini ya chuma vizuri, wakati nyanya mbichi, chungwa au limau vinasaidia. Sasa watoto wanakula kachumbari na maharage yao. Chai ya bibi inasubiri saa moja baadaye, kwa manung'uniko.

Unga ulinitia hasara. Nilisikia sembe inaondolewa pumba na kiini, ambako ndiko kwenye virutubisho vingi, nikaenda mashineni nikasaga gunia zima la dona kwa furaha. Kiini kina mafuta, na mafuta yakikaa yanachacha. Kabla sijafika nusu gunia, ugali ukawa mchungu na kila mtu nyumbani akapata sababu ya kudai sembe. Siku hizi nasaga debe moja moja.

Mkubwa ndiye aliyenisumbua. Ana miaka minane, anasoma, na njiani kuna meza ya kaukau, barafu na ubuyu wa rangi. Nikamnyima hela, akawa anakopa kwa wenzake. Nikamhubiria vitamini, akawa ananiangalia kama ninavyomwangalia mtu wa bima.

Siku moja ya gulio nilikuwa nimechoka tu, wala haikuwa mbinu. Nikampa shilingi 2,000, nikamwambia, "Mboga ya leo jioni utanunua wewe. Utakacholeta ndicho tutakachokula." Akarudi na mifuko minne ya kaukau na nyanya moja. Nyanya! Sisi tunaolima nyanya. Baba yake alitaka kufoka, nikamkonyeza. Nikasonga ugali wa dona, nikaweka kaukau katikati ya sahani, nikaikata ile nyanya vipande sita, kila mtu kimoja. Tulikula kimya. Ugali mkavu na kaukau haupiti kooni, na uchache wa kitoweo kile aliuona mwenyewe. Mdogo wake akauliza, "Dada, mboga iko wapi?"

Gulio lililofuata aliomba hela mwenyewe. Alileta dagaa wa 1,000 na fungu la majani ya maboga, chenji akabaki nayo. Alimenya yale majani hatua kwa hatua, akivuta nyuzi za bua kama alivyomwona bibi, na usiku alikuwa akimchunga kila mtu asibakize. Kaukau bado anakula, sikudanganyi, na viazi vyake ni vya huku huku kwetu. Lakini si kila siku, na hakopi tena.

Yule wa ubao sasa ana miaka minne. Bado yuko chini ya mstari wa urefu kwenye kadi. Muuguzi aliniambia wazi kwamba urefu uliopotea kwenye miaka miwili ya mwanzo ni mgumu kurudi, nisimlaumu mtoto wala nisimlazimishe sahani mbili. Wa tatu nimemwanzia vizuri tangu alipotimiza miezi sita.

Juzi kijana wa mgahawa alikuja na baiskeli yake kama kawaida, akasimama mlangoni. "Shikamoo mama. Trei tayari?" Kabla sijaitikia, mkubwa akatoka jikoni na kikapu.

"Leo yako ni kumi na tisa tu," akamwambia. "Mengine yana wenyewe."