Karatasi yenye tiki mbili

Ijumaa ya tarehe 9 Machi 2018 kahawa iliisha mapema barazani kwetu. Muuza kahawa wa Mji wa Kale, Mombasa, hupita baada ya isha, dele lake la shaba juu ya makaa na vikombe vikigongana mkononi, na mara nyingi hurudi nyumbani na kahawa ya kubakia. Siku hiyo saa tatu za usiku haijafika alikuwa ameshalikamua dele hadi machicha, na kwenye sinia ya kashata yamebaki makombo. Watu walikuwa wamekuja kugombana, na ugomvi hukausha koo.

Picha ilianza kuzunguka kwenye simu mchana, baada ya watu kutoka swala ya Ijumaa: Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga mlangoni pa Harambee House, ofisi ya rais, Nairobi, wameshikana mikono. Siku 38 tu kabla yake, tarehe 30 Januari, Raila alikuwa Uhuru Park na Biblia mkononi akijiapisha rais wa wananchi, na serikali ikazima televisheni ili watu wasione.

Pale barazani hakukuwa na mtu wa Jubilee, chama cha Uhuru, wa kumsuta. Mombasa ilimpa Raila kura zake 2013, ikampa tena 2017, na sisi ndio hao Mombasa. Kwa hiyo ugomvi ulikosa adui wa nje, ukarudi ndani: nani alimpigia nani, mwaka gani, na alikubali kuacha nini ili ampigie.

Aliyeuchokoza ni kijana wa bodaboda. "Nyinyi wazee ndio mliotuzoesha," alisema. "Kila uchaguzi mwampigia mtu msiyemtaka ili mumzuie msiyemtaka zaidi. Leo mwashangaa nini?"

Mwalimu mstaafu aliona hilo jiwe ni lake. Akaanza na 1992. "Mimi nilimpa Jaramogi, babake Raila, na sikuwa mtu wake. Tulikuwa na chama chetu cha Waislamu, IPK, serikali ikakataa kukisajili, ikabidi tubebwe na chama chake, Ford-Kenya. Tukabebwa. Kumbe Ford yenyewe ilishapasuka, Matiba na Ford-Asili yake, Jaramogi na Ford-Kenya yake, na Kibaki pembeni na chama chake, DP." Moi akapita kwa asilimia 36 hivi. Wale watatu ukiwajumlisha wanapita 60, lakini kura hazijumlishwi baada ya kupigwa. Sheria ya wakati ule haikudai nusu ya kura. Ilidai uwe na nyingi kuliko wengine, kisha upate robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Kwa upinzani uliogawanyika, sheria hiyo ilikuwa mlango uliowekwa wazi makusudi, na 1997 Moi akapita papo hapo tena, safari hii kwa asilimia 40.

"Sasa nani hakutaka mapatano?" kijana akauliza. "Si nyinyi?"

"Sisi tulitaka," mwalimu akajibu. "Waliokataa ni wao wanne watano, kila mmoja ajiona ndiye."

Kando ya mwalimu alikaa karani mstaafu wa bandari. Sote tulimwita Ami, hata waliokuwa wakaribia umri wake. Aliwahi kusimamia kituo cha kupigia kura katika uchaguzi wa 2002, wa 2007 na wa 2013, na alikuwa na tabia moja ya kuudhi na kufaa: mtu akitaja asilimia, yeye huuliza ni asilimia ya ngapi.

Ami alisema mapatano ni kama ndoa, kuna posa na kuna kutoroshwa. La 2002 lilikuwa posa. Oktoba mwaka ule Raila alisema "Kibaki Tosha" hadharani, vyama vikaungana kuwa NARC, na mpiga kura alipoingia kituoni tarehe 27 Desemba alijua anayemwekea alama ni mzigo wa watu wengi waliofungwa kamba moja. Kibaki akapata asilimia 62 na Uhuru, mtu wa Moi, 31. Aliyekuwa hampendi Kibaki lakini amechoka na KANU, chama cha Moi, alipata nafasi ya kupima, akakubali mwenyewe.

"Basi ilivunjika kwa nini, ikiwa posa?" aliuliza kijana.

Hapo Ami alifurahi, maana ndipo alipotaka kufika. Ilivunjika kwa sababu ya karatasi. Ule mkataba wa maelewano uliotiwa saini na vigogo, wa kugawana baraza la mawaziri nusu kwa nusu na Raila awe waziri mkuu, ulikuwa wa mezani tu. Katiba haikuwa na cheo cha waziri mkuu. Rais aliyekwisha kuapa hakuwa na wa kumlazimisha, na wewe huwezi kwenda kortini na ahadi ya kisiasa ukaomba hakimu akupe wizara. Mwaka 2005 wakakutana kwenye kura ya maoni ya katiba, ndizi ya Kibaki upande huu na chungwa la Raila upande ule, ndizi ikashindwa, na Kibaki akalivunja baraza zima. Alipoliunda upya watu wa chungwa hawakuwemo. Chama cha ODM kilitoka humo, kwenye picha ya chungwa iliyochapishwa ili wasiojua kusoma waitambue.

La 2008 lilisimama, japo halikuwa posa hata kidogo. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameshakufa katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 na mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Lakini tazama lilivyojengwa: mpatanishi Kofi Annan alikaa na Kibaki na Raila wiki kadhaa, na pamoja naye Benjamin Mkapa na Graça Machel, Kikwete akaja kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, saini zikawekwa tarehe 28 Februari mbele ya Harambee House, jengo lile lile, halafu bunge likapitisha sheria na kuibadili katiba ili cheo cha waziri mkuu kiwepo kweli. Palikuwa na shahidi, palikuwa na sheria, na kila upande ulijua mwingine akikiuka ataitwa na nani. Gharama yake ikawa mawaziri 40, kwa kuwa njia rahisi ya kumaliza ugomvi wa viti ni kuongeza viti. Serikali ya nusu mkate, tuliiita, ingawa kwa waliomo ndani ulikuwa mkate mzima.

"Na la leo?" mtu akauliza kutoka gizani.

"La leo nimelisikia kama wewe. Taarifa, mambo tisa, hakuna bunge, hakuna shahidi. Hata wenzake Raila watatu wa NASA, muungano wao wa upinzani, hawakuambiwa."

"Nao hawakumfuata Uhuru Park Januari," mwalimu akaingilia. "Kalonzo, Mudavadi, Wetang'ula, hakufika hata mmoja. Awaambie kwa lipi?"

Hilo likazua kelele ya robo saa ambayo siwezi kuisimulia kwa mpango, kwa sababu haikuwa na mpango. Mmoja alisema kura yake ya Agosti 2017 imeuzwa. Mwingine akamjibu kwamba ile kura ilishafutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, majaji wanne kwa wawili, kwa hiyo hana cha kuuziwa. Wa tatu alikuwa mtu wa "Pwani si Kenya" zamani, wale waliotaka Pwani ijitenge, aligoma kupiga kura 2013, na akawacheka wote. Ami akamgeukia huyo. Akachukua karatasi iliyofungia kashata, akaandika juu ya goti. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikaziona tarakimu zikichorwa kwa mkono wa karani, kila sifuri imefungwa vizuri.

Kura zote zilizopigwa kwa rais 2013, pamoja na zilizokataliwa: 12,330,028. Nusu yake: 6,165,014. Alizopata Uhuru: 6,173,433. Akatoa hii kwa ile na kuchora mstari chini: 8,419.

"Hizo ndizo zilizomwokoa na duru ya pili, maana siku hizi sheria yataka upite nusu. Si laki. Elfu nane na mia nne na kitu, nchi nzima. Nyinyi mliogoma mtaa mmoja mlikuwa wangapi?"

Mgomaji alijitetea kwamba korti yenyewe ilisema kura zilizokataliwa zisitiwe kwenye hesabu, na zikitolewa Uhuru anafika asilimia 50.51, si 50.07. Ami akakubali. Zilizokataliwa zilikuwa 108,975, na ni kweli korti iliziondoa. Ila uamuzi huo ulitoka 30 Machi, na uchaguzi ulikuwa tarehe 4. Siku ya kugoma hakuna aliyejua kama karatasi iliyoharibika itahesabiwa au la.

Ndipo akaeleza jinsi karatasi inavyokataliwa, maana kijana alidhani ni zile zilizochanika. Kituo kikifungwa saa kumi na moja jioni, na waliokuwa kwenye foleni wakamalizwa, sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala na kura za rais ndizo za kwanza kuhesabiwa. Msimamizi hunyanyua karatasi moja moja, huionyesha huku na huku, hutaja jina, ndipo huiweka kwenye fungu lake. Isiyo na muhuri rasmi inakataliwa. Mpiga kura akiandika jina lake inakataliwa. Alama ikikaa mahali ambapo hujui ni ya nani, inakataliwa. Ile ambayo mtu aliikosea akairudisha kwa karani kabla ya kuitumbukiza, akapewa nyingine, hiyo ni iliyoharibika, na haimo kwenye hesabu hii. Watu huzichanganya kila mwaka. Mwaka 2013 masanduku yalikuwa sita na rangi sita, na wapo waliotia karatasi nyeupe ya rais kwenye sanduku la kijani la mbunge.

"Lakini ninayoikumbuka ni ya 2007," alisema. "Ilikuwa usiku, taa ya karabai inavuma. Nanyanyua karatasi, naona tiki kwa Kibaki na tiki kwa Raila. Safi zote mbili. Mkono wa mtu aliyesoma, haukutetemeka. Wakala mmoja akasema ile ya Raila ni ndefu zaidi, basi ni ya Raila. Mwenzake akasema ya Kibaki ndiyo iliyowekwa kwanza, wino wake mzito. Wakavutana kama mnavyovutana nyinyi. Mimi nikaandika 'imekataliwa', na kwa kuwa wakala alipinga, nikaandika pia kwamba kukataliwa kwake kumepingwa, ndivyo kanuni inavyotaka. Nikaitia kwenye bahasha yake."

Akanyamaza kidogo, akitafuta kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kitupu.

"Miezi miwili baadaye namwona Annan kwenye televisheni ameikubali."

Tulicheka hadi dirisha la ghorofani likafunguliwa, tukaambiwa kuna watoto wamelala.

Aliyekuwa hajasema kitu hadi wakati ule ni fundi saa. Alikaa kwenye ngazi, si kwenye baraza, na ndivyo alivyokaa tangu Oktoba. Tarehe 26 Oktoba 2017, siku ya uchaguzi wa marudio, Raila aliwataka watu wake wabaki nyumbani, na mtaani kwetu walibaki. Siku zile mtu alitazamwa kidole kabla ya kujibiwa salamu. Wino wa kura una chumvi ya fedha ndani yake. Ukipigwa na jua hushika ngozi na kucha, na hakuna limau wala jiki ya kuutoa. Kwenye ngozi huisha kwa siku kadhaa, kwenye kucha hungoja kucha ikue, na hiyo ni kazi ya miezi. Fundi saa alivaa plasta kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hadi Desemba. Alisema alijikata. Hakuna aliyemwamini. Mtu anayefungua saa ya mkononi kwa kibano bila kupoteza skrubu hajikati miezi miwili.

Kijana wa bodaboda, kwa kuwa kelele zilitulia na adabu ilishaondoka, akamuuliza waziwazi: "Fundi, wewe Oktoba ulimpa Uhuru. Leo umefurahi, au siyo?"

"Sikumpa Uhuru."

"Basi nani? Hakukuwa na mwingine."

"Alikuwepo," akasema fundi saa. "Raila alikuwemo kwenye karatasi."

Baadhi wakaguna. Ami akainua mkono. "Ni kweli. Alijitoa kwa barua. Tume ya uchaguzi ikasema hakujaza Fomu 24A ya kujitoa, jina likachapishwa. Alipata kura 73,228 siku ile, na yeye mwenyewe hazitaki." Akamtazama fundi saa kama anayetazama karatasi iliyonyanyuliwa kwenye taa. "Wewe ni mmoja katika hizo?"

"Mimi sipendi kuambiwa na mtu yeyote nisipige kura. Nilikwenda nikampa aliyesema tusiende."

"Kwa nini hukusema?" mwalimu akauliza. "Miezi minne tumekusema vibaya."

"Mngeomba kuiona karatasi."

Mwalimu alisogea kidogo kwenye jiwe la baraza, pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Fundi saa hakuja. Alinyanyua mkono kuangalia saa yake chini ya taa ya barabarani, akasema Jumamosi hufungua duka mapema, akatuaga. Muuza kahawa naye akaanza kuhesabu vikombe, kimoja hakikuonekana, na sote tukainama kukitafuta chini ya baraza.