Siku 7 za Rafiki

Septemba 2018 niliomba ruhusa kazini, nikapanda matatu hadi Ngong Road kuwahi sinema ya mchana. Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha kwa siku 7 tu marufuku ya Rafiki, filamu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili. Filamu hiyo ya mwongozaji Wanuri Kahiu, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Wafaransa waliiona kabla yetu! Viti vilijaa. Dada asiyenijua alinishika mkono taa zilipozimwa.

Mimi lakini nilimpenda Wanuri tangu Pumzi, filamu yake fupi ya 2009. Haifiki hata nusu saa. Dunia imekauka, watu wanachuja jasho lao wapate maji ya kunywa, na Asha anatoroka jangwani kupanda mche mmoja, akiunywesha jasho lake mwenyewe. Kila mifereji ya mtaani kwetu inapokauka namkumbuka Asha.

Wanuri, mzaliwa wa Nairobi, alisomea uongozaji chuo kikuu cha UCLA, Marekani, akatengeneza From a Whisper kuhusu bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na mwaka 2022 akaongoza Look Both Ways ya Netflix. Nimezitazama zote. Pumzi ndiyo ninayoirudia, na binti yangu sasa anaijua kila picha.