Leseni imepotea baada ya kuweka mfumo wa pili? Angalia ilikuwa imeshika nini

Umesakinisha Linux kando ya Windows, mifumo yote miwili inawaka, halafu siku ya pili programu uliyoilipia inasema haina leseni. Au imekuwa kinyume: programu imekubali kuamilishwa, lakini ukizima na kuwasha, menyu ya GRUB (programu inayokuuliza uwashe mfumo upi) haionekani tena. Wengi hapo hukimbilia kuifuta programu na kuisakinisha upya, na kwa kufanya hivyo wanakula nafasi moja zaidi ya uamilishaji bila kutibu chochote. Swali la kwanza liwe hili: leseni yenyewe imeshika nini? Zipo zinazoshika ubao mama, zipo zinazoshika sekta za mwanzo za diski, nyingine namba ya kadi ya mtandao, na zile zenye tarehe ya kuisha huiangalia pia saa. Mfumo wa pili haufuti leseni. Unasogeza kile ilichokuwa imekishika.

Nianze na Windows yenyewe, maana ndiyo inayolaumiwa zaidi na mara nyingi haina kosa. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, leseni ya kidijitali hukaa kwenye seva za Microsoft ikiwa imefungwa na alama ya maunzi ya kompyuta, na kwenye alama hiyo ubao mama ndio wenye uzito mkubwa. Kupunguza patisheni (kipande cha diski), kuweka GRUB, kuzima Secure Boot (ulinzi wa ubao wakati wa kuwasha), kuongeza diski ya pili: hakuna hata kimoja kinachobadilisha ubao mama. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu Linux, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uulize:

slmgr /xpr
slmgr /dlv

Amri ya kwanza inasema kama uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya mwisho. Ya pili inaonyesha njia ambayo ufunguo ulipitia. Ukiona OEM:DM, ufunguo uliwekwa na mtengenezaji ndani ya ubao, kwenye jedwali liitwalo MSDM, na unaweza kuusoma hata ukiwa Linux:

sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM

Mwisho wa matokeo utaona herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa kwa vistari. Kama faili hilo halipo, ubao haukubeba ufunguo, na leseni yako ni ya njia nyingine. Jedwali hili lina mtego mmoja unaowanasa watu kila mara: kisakinishi cha Windows hulisoma kimyakimya na kuchagua toleo bila kukuuliza. Ubao wenye ufunguo wa Home utakuwekea Home hata kama ulinunua Pro, na leseni ya Pro haiamilishi Home. Dawa ni kuandika ufunguo wako wa Pro kwenye Mipangilio baada ya usakinishaji, au kuweka faili la PID.txt ndani ya folda ya sources kwenye flashi ya kusakinishia kabla hujaanza.

Kosa 0xC004F211 au 0x803F7001 likitokea mara tu baada ya kuweka Linux, chunguza kama kuna maunzi yaliyobadilishwa wakati huohuo. Kompyuta iliyopelekwa kwa fundi ikarudi na Linux mara nyingine imerudi pia na ubao mwingine. Kama leseni ilikuwa imeunganishwa na akaunti ya Microsoft, kitatuzi kilichopo kwenye ukurasa wa uamilishaji kina chaguo la kusema umebadilisha maunzi karibuni. Kama haikuunganishwa, njia hiyo imefungwa, ndiyo maana inafaa kuunganisha mapema, wakati kila kitu kinafanya kazi.

Kwenye kompyuta za vyuo na ofisi, slmgr /dlv huonyesha Volume:GVLK. Hiyo ni leseni ya KMS, yaani inayoamilishwa na seva ya taasisi yenyewe: hudumu siku 180, na Windows hujaribu kuihuisha kila baada ya siku 7 kwa kuwasiliana na seva ya taasisi. Sasa mtu aliyehamia Linux akawa anafungua Windows mara moja kwa miezi saba atakuta leseni imekwisha, na atadhani GRUB imeharibu kitu. Hakuna kilichoharibika. Ingia kwenye mtandao wa taasisi, au VPN yake, kisha andika slmgr /ato. Ikijibu 0xC004F074, seva haijafikiwa. Ikijibu 0xC004F06C, seva imefikiwa lakini saa ya kompyuta yako imepishana mno na ya kwake.

Na hapo kwenye saa ndipo mchawi anapokaa mara nyingi.

Ubao mama una saa ndogo inayotembea kwa betri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Windows huiandikia saa za mahali ulipo, Linux huiandikia UTC (saa ya kimataifa), na kila mmoja anaamini mwenzake anafanya kama yeye. Chukua eneo lililo UTC+3, kwa mtindo wa saa 24. Unazima Windows wakati wa 15:00, na saa ya ubao inasoma 15:00. Unawasha Linux, inadhani hiyo ni UTC, inaongeza 3, skrini inaonyesha 18:00. Intaneti ikipatikana, Linux inajisahihisha, na kernel (kiini cha Linux), ambayo ikishalinganishwa na seva za muda huiandika upya saa ya ubao kila dakika 11, inaweka 12:16 pale ambapo Windows ingeweka 15:16. Ukirudi Windows, inakuta saa imerudi nyuma kwa muda wa saa 3 kamili.

Kwa mtumiaji wa kawaida hiyo ni kero ndogo tu. Kwa programu yenye leseni ya majaribio au ya kukodi, saa iliyorudi nyuma ni dalili ya mtu anayetaka kurefusha siku zake. FlexNet, mfumo wa leseni unaotumiwa na programu nyingi za uhandisi na usanifu, hutoa kosa namba -88 ukigundua saa imerudishwa, na mojawapo ya njia zake za kugundua ni kutafuta mafaili yenye tarehe ya mbele kuliko sasa. Zile dakika chache Linux ilipodhani ni 18:00, kila faili ililoandika lilipata tarehe ya mbele.

Mimi hupendelea kuifundisha Windows itumie UTC kuliko kuilazimisha Linux itumie saa za mahali. systemd yenyewe (msimamizi wa huduma za Linux) hutoa onyo ukichagua njia hiyo ya pili, kwa sababu ya vurugu za nchi zinazobadilisha saa kwa majira na mifumo miwili kusogeza saa ileile mara mbili. Kwenye dirisha la amri la msimamizi, mstari mmoja:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Kisha washa Linux, iache ipate intaneti, na andika timedatectl. Mstari wa RTC in local TZ usome no. Usifanye na ile ya upande wa Linux (timedatectl set-local-rtc 1) kwa pamoja; ukifanya zote mbili tofauti inarudi ileile, imegeuka tu upande. Kama kosa -88 haliondoki baada ya saa kutulia, tafuta mafaili ya mbele kwa mfumo unaoendesha programu hiyo. Upande wa Linux:

sudo find / -xdev -newermt "1 hour"

Utakayoyapata yapewe tarehe ya sasa kwa touch. Tofauti ikiwa ni ya miaka na si ya saa chache, acha leseni kwanza ubadilishe betri ya ubao, ambayo mara nyingi ni CR2032.

Sasa ile kesi ya menyu ya GRUB kupotea. Hii huzikumba kompyuta za zamani, au mpya zilizosakinishwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha wa BIOS na jedwali la patisheni la MBR. Angalia uko wapi:

sudo parted /dev/sda print

Mstari wa Partition Table ukisema gpt na kompyuta inawaka kwa UEFI (mtindo mpya wa kuwasha), sehemu hii haikuhusu: GRUB yako ni faili tu ndani ya patisheni ya EFI na halipigani na mtu. Ukisema msdos (yaani MBR), endelea kusoma.

Kwenye diski ya MBR, sekta 0 ina jedwali la patisheni, na kwa desturi ya zamani patisheni ya kwanza ilianza sekta 63. Katikati hapo kuna sekta 62 za baiti 512, jumla baiti 31,744, ambazo hazina mwenyewe. GRUB huweka kiini chake humo, kuanzia sekta 1 kwenda mbele. FlexNet ya kizazi kile, ikiwemo iliyokuja na Adobe CS3 na CS4, nayo iliona mahali palepale pazuri pa kuficha alama ya leseni, kwa sababu mtumiaji akisakinisha Windows upya alama haifutiki. Wapangaji wawili, chumba kimoja, na hakuna mwenye mkataba.

Kinachofuata ni mzunguko wa kuchosha. Unaamilisha programu, inaandika juu ya kipande cha GRUB, kompyuta inabaki na neno GRUB na kishale kinachomemeteka. Unarekebisha GRUB kwa flashi, inaandika juu ya alama ya leseni, Adobe inakupa kosa 150:30 na kusema leseni imeacha kufanya kazi. Unaamilisha tena, na kadhalika, huku hesabu ya nafasi zako ikipungua.

GRUB za sasa zimejifunza kuitambua alama hiyo na kuiruka, lakini kwa sharti kwamba alama iwepo tayari wakati GRUB inaandikwa. Kwa hiyo utaratibu ni leseni kwanza, GRUB baadaye. Amilisha programu ndani ya Windows, ifungue mara moja uhakikishe imekubali, zima. Washa kwa flashi ya Linux, ingia kwenye mfumo wako kwa chroot (amri ya kuingia mfumo wa kwenye diski ukiwa umewasha kwa flashi), kisha grub-install /dev/sda. Ukiona onyo kama hili, furahi:

Sector 32 is already in use by the program `FlexNet'; avoiding it.

Maana yake GRUB imeiona sekta 32 ina mwenyewe na imepita kando. Kabla ya hatua hiyo chukua nakala ya eneo zima:

sudo dd if=/dev/sda of=mwanzo.img bs=512 count=63

Nakala hiyo usiirudishe yote kamwe baada ya kubadilisha patisheni, kwa sababu sekta 0 iliyomo ina jedwali la zamani, na ukiliandika juu ya jipya utapoteza patisheni. Kama unahitaji sekta moja, rudisha hiyo moja kwa skip=32 seek=32 count=1, kisha endesha grub-install tena. Kama kompyuta ina nafasi ya diski ya pili, suluhisho safi zaidi ni kuweka Linux na GRUB yake huko, na kuchagua diski kwa menyu ya kuwashia ya ubao.

Leseni zilizofungwa kwa kadi ya mtandao zina tatizo jepesi zaidi. Namba hiyo, iitwayo MAC, ni ya kadi yenyewe, kwa hiyo mifumo yote miwili ingepaswa kuona namba ileile. Linganisha ip link ya Linux na ipconfig /all ya Windows. Zikitofautiana kwa kadi ileile ya Wi-Fi, mmoja wao anatumia namba ya nasibu kwa ajili ya faragha. Inatambulika kwa macho: tarakimu ya pili ya namba ya nasibu huwa 2, 6, A au E. Kwenye NetworkManager, programu ya mitandao ya Linux:

nmcli connection modify "jina-la-mtandao" wifi.cloned-mac-address permanent

Upande wa Windows zima anwani za nasibu kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Usidhani hata hivyo kwamba kila programu inatumia kitambulisho kimoja kwenye mifumo yote. MATLAB kwenye Linux hutumia MAC, kwenye Windows hutumia namba ya patisheni ya C: unayoiona kwa amri vol c:. Kupunguza C: ili kupata nafasi ya Linux hakubadilishi namba hiyo. Kuifomati kunaibadilisha. Na programu nyingi za kibiashara huhesabu Windows na Linux za mashine moja kama kompyuta mbili, hivyo soma leseni inaruhusu ngapi kabla ya kusakinisha pande zote.

Wanaoendesha patisheni yao halisi ya Windows ndani ya mashine pepe, wakiwa Linux, wajue kwamba Windows itaona ubao mwingine kabisa, wa kubuni, na itajiona haijaamilishwa. Programu za ndani yake zitafanya vivyo hivyo, na baadhi hazitarudi hali ya kwanza hata ukiwasha Windows kawaida. Kwa kazi hiyo tumia Windows nyingine yenye leseni yake.

Skrini ya buluu inayodai tarakimu 48 baada ya kuzima Secure Boot haina uhusiano na uamilishaji. Ni BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, na tarakimu hizo unazichukua kwenye akaunti ya Microsoft au kwa manage-bde -protectors -get C: kabla ya kugusa mipangilio ya ubao.

Ukipanga kufuta mfumo mmojawapo, ingia humo kwanza na uzime uamilishaji wa kila programu ukiwa na intaneti, na kwa Windows zima pia usingizi wa diski (hibernation) kwa powercfg /h off, ili Linux isikutane na patisheni ya C: iliyoachwa nusu wazi. Programu isiyo na kitufe cha kuzima uamilishaji, andika namba yake ya leseni na kitambulisho cha mashine kwenye karatasi. Ndivyo vitu watakavyokuuliza wahudumu ukiomba nafasi yako irudishwe.