Omena ya Kibuye: kabla hujalipa gorogoro

Soko la Kibuye, Kisumu, huwa wazi wiki nzima, ila Jumapili ndiyo siku yake. Ukifuata omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, usianze na bei. Anza na mkono. Chota kiasi, mwaga polepole karibu na macho. Omena njema inang'aa kama fedha na ikidondoka inachakarika. Ikiwa imegeuka manjano na inanuka mafuta yaliyochacha, huenda ilinyeshewa ikiwa bado imeanikwa. Kisha angalia kiganja: mchanga ukibaki, ilianikwa chini, si juu ya wavu. Hiyo utaiosha mara nne na bado itakwaruza meno.

Kipimo ni gorogoro, mkebe ule ule wa kupimia mahindi. Tazama kitako chake, maana kuna iliyobonyezwa ndani. Na omba nyongeza. Hapa hakuna anayeona aibu.

Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, basi jiwekee akiba Machi.

Jikoni, osha haraka kwa maji ya uvuguvugu. Ukiloweka, vichwa vinakatika. Chuja, kaanga hadi ikauke, ndipo utie vitunguu, kisha nyanya. Nyanya zikitangulia, utakula uji wa omena.