Udongo wa Bibi

Likizo ya Juni nikiwa darasa la sita nilipelekwa Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Alipopanda mtumbwi kupeleka vyungu Matema, aliniachia kazi moja tu: kulowanisha gunia lililofunika udongo wake. Siku mbili nzima nikashinda ufukweni na wenzangu.

Nilipokumbuka, udongo ulikuwa umekakamaa kwa nje, ndani una unyevu bado. Kwa woga nikaumwagia ndoo ya maji, nikaanza kuukanda. Juu ukawa utelezi mtupu, chini yake mabonge magumu kama kokwa za embe.

Bibi aliporudi hakugomba. Alivunja bonge moja akalitazama. "Mjukuu wangu, huu umeshiba nusu, ndiyo maana hautaki maji. Uache uone kiu kwanza."

Kuuanika tena, wakati shida yenyewe ni ukavu! Lakini tukaumega, tukautandaza juani siku tatu, hadi ukapauka wote na vipande vikawa vinalia vikigongana. Tukaviponda kwa mchi. Bibi akajaza beseni maji, akanyunyiza udongo ndani. "Usikoroge."

Niliinama juu ya lile beseni mpaka magoti yakauma. Vipovu vilipanda. Kipande kilichokuwa kigumu kama jiwe kilichanika ubavuni, kikafunguka tabaka kwa tabaka, kisha kikaporomoka chenyewe bila kuguswa. Hadi leo nikiona mtu anatupa udongo kwa sababu umekauka, roho inaniuma. Uliokwisha kuchomwa ndio haurudi. Uliokaushwa na jua unarudi.

Kesho yake Bibi alimwaga maji yaliyotuama juu, akalitandaza tope kwenye kanga kuukuu juu ya mchanga. Mchanga ukanyonya kwa chini. Alasiri, tope lilipoacha kunata kiganjani, akanisogezea nilikande mwenyewe. Nilikanda hadi mabega yakawaka moto, naye kila mara akilikata bonge kwa uzi kutafuta chembe ngumu.

Mwishowe akachukua kipande kidogo, akakisokota kama kamba, akanizungushia kidoleni. Hakikupasuka.

"Haya, lete maji ya kunawa, tuanze."

Ile pete niliivaa hadi ikakauka, kisha nikairudisha kwenye beseni.