Moto usio na sufuria

Juzi jioni redio ya jirani ilikuwa inanguruma, kama kawaida yake, na mtu mmoja akawa anaeleza habari za jotoardhi, yaani joto litokalo chini ya ardhi: mara Ngozi, mara Kiejo-Mbaka, mara Songwe. Mimi nilikuwa uani napepea jiko, mkaa umelowa, unatoa moshi tu. Aliposema Songwe nikacheka peke yangu. Binti yangu akauliza kulikoni. Nikamwambia, "Bibi yako wa Mwandiga."

Mama yangu mdogo, huyo bibi wa Mwandiga kule Kigoma, alikuwa mtu wa mawese. Mtu wa mawese haangalii dunia kama mimi na wewe; kwake kitu ama ni kuni, ama ni dumu, ama ni mteja. Chikichi hazikupi mafuta hivi hivi. Uzichemshe kwenye pipa mpaka zilainike, ndipo uzitwange au uzipeleke mashineni, na mafuta yakishakamuliwa yanarudi motoni tena. Kuni zinaliwa mara mbili, na kila mwaka zinafuatwa mbali zaidi.

Mwaka 2014 tulikwenda Mbeya kwenye arusi ya mdogo wangu. Safari siisimulii. Aliyepita Uvinza kwenda Mpanda kwa basi miaka ile anajua, na ambaye hakupita ashukuru. Arusi ikaisha salama, wali ukaliwa, na shemeji akasema haiwezekani watu watoke Kigoma yote ile warudi bila kuona maji moto ya Songwe.

Songwe hiyo si ile ya mpakani na Malawi. Ni mto mwingine wenye jina hilohilo, unaoteremka kwenda Ziwa Rukwa. Tuliondoka alfajiri kwa sababu, alivyosema shemeji, mvuke unaonekana vizuri kukiwa na baridi. Tukapita Mbalizi, tukaiacha lami, vumbi likatupokea.

Kwanza nikaona weupe. Mwamba mzima mweupe, umejikunja ngazi kwa ngazi, na kwenye nyufa zake mvuke unapanda taratibu. Ukisogea unasikia maji yanatokota chini ya miguu yako, na soli za viatu zinapata moto. Shemeji ni mwalimu, kwa hiyo hatukuponyoka: maji ya mvua huzama chini sana, hukutana na miamba yenye joto, kisha hupanda tena kupitia nyufa za Bonde la Ufa. Yakifika juu, hewa ya ukaa inatoka, chokaa inaganda, na ndiyo hayo mawe meupe tuliyokuwa tumeyakanyaga, yale yale yanayochongwa kuwa marumaru. Maji yanatoka ardhini yakiwa na zaidi ya nyuzijoto 80. Akaonyesha na upande ziliko Ngozi na Rungwe, milima ya volkano.

Mama mdogo alimsikiliza kama anayesikiliza mahubiri ya dini ya wenzake. Kisha akakaza kitenge, akachuchumaa kwenye ufa mmoja, akaunyooshea mvuke kiganja. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa nataka tupige picha, nikamwita, hakugeuka. Kiganja kikaanza kudondosha maji. Akakipangusa kwenye goti, akakirudisha.

"Tangu lini unawaka?" akamuuliza kijana aliyekuwa anauza mayai pale.

"Mama, sisi tumeukuta."

"Na usiku?"

"Usiku pia."

"Masika?"

"Hata masika, mama."

Akatazama huku na huku, mwamba wote, mvuke wote, hakuna hata jungu moja. "Na hapa hapapikwi kitu?"

Shemeji akarukia kusema kwamba joto la namna hii linazalisha umeme, wenzetu wa Kenya wameanza Olkaria tangu 1981. Hapo mama mdogo alisonya. Kwetu Kigoma wakati ule umeme ulikuwa wa jenereta za dizeli, na dizeli ikisuasua mnalala mapema. Lakini nadhani hakusonya kwa ajili ya umeme. Alikuwa anahesabu mapipa ya chikichi.

Tukanunua mayai. Kijana aliyatia kwenye wavu wa vitunguu, akaufunga kwenye fimbo, akautumbukiza. Mayai ya pale hayana haraka, maana maji hayachemki kabisa kama ya jikoni. Mama mdogo aliishika ile fimbo mwenyewe, kila mara anainua, anatikisa, anasikiliza, anarudisha. Tulipoyamenya, ute ulikuwa umeshika lakini laini, unatetemeka, na kiini kizito cha rangi ya machungwa. Akafungua fundo la kitenge, akatoa chumvi ya Uvinza. Alikuwa nayo muda wote huo, tangu Kigoma. Akala yai lake akiwa amefumba macho. Akala na la kwangu.

Kijana akataja bei: ya mayai, na ya kuchemshiwa.

"Kuchemshiwa?" Mama mdogo akasimama. "Mwanangu, kuni zako ziko wapi nizione?"

"Mama, si kuni. Ni kazi."

"Kazi gani? Fimbo nimeshika mimi."

"Mimi ndiye niliyekuonyesha ufa unaoivisha. Ile mingine ungekaa hapa mpaka jioni."

Shemeji alikuwa ameshatoa noti mfukoni, anaona aibu. Mama mdogo akamzuia mkono. Akamtazama yule kijana, akautazama na ule ufa, kisha akauliza kwa sauti ya biashara kabisa, ile ya sokoni Mwandiga, "Haya. Na mtu akitaka kuukodi mwezi mzima?"